Ng'ombe Aliyeongea Kiswahili

Mwenzangu, leo nianze na swali la uchokozi. Tuseme umemwona mume wako kavaa ngozi ya ng'ombe, tena hayuko upande wa kichwa, yuko upande wa mkia, mbele ya watu 150, na watoto wake wamekaa palepale wanatazama. Utacheka, au utaomba ardhi ipasuke ikumeze?

Najua wengi wenu mmeshachagua ardhi. Baba wa Kibongo ana heshima zake, bwana! Akiingia sebuleni watoto wanapunguza sauti ya TV na kiti chake kinaachwa wazi. Wa kutaniwa ni babu na mjomba. Baba ni wa ada ya shule na "leta daftari nione". Na sisi akina mama ndio walinzi wakuu wa heshima hiyo: "Ngoja baba yako arudi, utanikoma!"

Heshima ya namna hiyo inafanya kazi vizuri nyumbani, ambako mtaa mzima unaijua. Sasa ukiikunja ukaitia kwenye begi ukapanda nayo ndege, halafu ukafika mahali ambapo hakuna anayejua wewe ni nani wala baba yako alikuwa nani, inakuwaje?

Mwezi huu nawaletea habari ya familia moja ya damu yangu. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi na mumewe na watoto wao wawili katika mji mdogo katikati ya Uingereza. Nilikaa kwao wiki tatu Januari 2024. Majina yao, jina la mji na la kikundi nitakachokisimulia nayaacha kwa makusudi, kwa sababu kijana wao mkubwa alikuwa na miaka 14, na katika umri huo aibu ni kama homa. Mengine yote nayasema kama nilivyoyaona na kama dada alivyonisimulia jikoni, tukimenya viazi.

NDOA YA ZAMU MBILI

Shemeji yangu alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari huku nyumbani. Wale waliofundishwa naye wanamkumbuka kwa suruali yenye mkunjo wa pasi na chaki mfuko wa shati. Mwaka 2014 akamfuata mkewe Uingereza, na tangu hapo kazi yake ikawa kubeba boksi. Nyie mnaojua maisha ya ughaibuni mnaelewa. Anaingia ghalani saa nne usiku, anatoka alfajiri. Dada anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya mchana. Mmoja anaingia, mwingine anatoka. Kitanda hakipoi, lakini wenyewe hawakutani.

Dada aliniambia kitu ambacho kilinikaa moyoni: "Tulikuwa tunaongea kwa karatasi za kwenye friji." Maziwa yameisha. Mtoto ana daktari wa meno Jumatano. Lipa gesi. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa.

Kwa watoto hali ilikuwa mbaya zaidi. Binti wa miaka 9 bado alikuwa na maneno na baba yake. Lakini yule kijana, ah! Baba akisema Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, tena kwa neno moja, macho kwenye simu. Baba akikaza sauti, kijana anapanda chumbani. Mwalimu aliyewahi kunyamazisha darasa zima kwa kukohoa tu, sasa alikuwa hawezi kumshikilia mtoto mmoja mezani kwa dakika kumi.

Nilisoma mawasiliano ya umma chuoni, na tulichora michoro mingi ya mtumaji, ujumbe na mpokeaji. Hakuna mchoro hata mmoja uliokuwa na ng'ombe katikati.

KWANI PANTO NI KITU GANI?

Hapa inabidi niwapitishe kidogo kwenye mambo ya Waingereza. Wana mchezo wa kuigiza unaoitwa pantomaimu, wenyewe kwa kifupi wanasema panto. Usiuchanganye na maigizo bubu. Huu ni kelele mwanzo mwisho: nyimbo, vichekesho, unga wa kurushiana na matani kuhusu mji wenyewe. Msimu wake ni Krismasi na mwaka mpya. Majumba makubwa ya mijini hulipa waigizaji, lakini kila pembe ya nchi ina vikundi vya ridhaa ambavyo watu wanacheza bure, na vingi vyao huonyesha Januari. Vikundi hivyo vina historia ndefu: chama chao cha kitaifa, NODA, kilianzishwa mwaka 1899.

Hadithi ni zilezile miaka nenda miaka rudi: Cinderella, Aladdin, Dick Whittington na paka wake, Jack na shina la mharage. Hakuna anayekwenda kujua mwisho. Watu wanakwenda kwa ajili ya kanuni zake, na kanuni zenyewe ni vituko. Mama mzee wa kwenye hadithi, ambaye mie nitamwita bi mkubwa, anachezwa na mwanaume. Kijana shujaa, kwa desturi, anachezwa na msichana. Malaika mwema anaingia upande wa kulia wa jukwaa, mwovu anaingia kushoto, na akitokeza tu ukumbi mzima unamzomea. Mistari miwili ya mwisho ya mchezo haisemwi mazoezini hata mara moja, mpaka usiku wa kwanza wenye watazamaji, eti ukiisema mapema unaleta nuksi.

Na watazamaji nao wana kazi. Jitu likinyemelea nyuma ya mtu, watoto wote wanapiga kelele: "Yuko nyuma yako!" Mwovu akisema "Si kweli," ukumbi unajibu "Ni kweli!" Nilipoona hayo nikacheka mwenyewe. Si ndiyo Paukwa, Pakawa? Bibi zetu walijua zamani kwamba hadithi isiyo na mwitikio ni hotuba.

Mchezo wenyewe umetoka mbali. Mbegu zake ni vichekesho vya Italia vya karne ya 16, vilivyofika London na kuota mizizi katika karne ya 18. Joseph Grimaldi, aliyezaliwa 1778 na kufa 1837, ndiye aliyemfanya mchekeshaji mwenye uso wa rangi kuwa mfalme wa jukwaa. Wakati huo ni majumba machache ya London yaliyokuwa na kibali cha kuigiza tamthilia za maneno matupu. Sheria ya mwaka 1843 ililegeza jambo hilo, na panto nayo ikajaa maneno, mafumbo na matani. Baadaye Dan Leno, aliyefariki 1904, akawa bi mkubwa aliyependwa kuliko wote pale Drury Lane. Kwa hiyo mwanaume kuvaa gauni na kuchekesha watoto ni jambo ambalo babu zao walishalizoea. Hata hapa Dar panto si ngeni kabisa. Little Theatre ya Oysterbay imewahi kuonyesha panto za Krismasi, ingawa wengi wetu tulikuwa tukipita nje tu na daladala.

"NISHIKIE TITI HILI"

Septemba 2023 mfanyakazi mwenzake dada akamwambia kikundi chao cha mtaani kinatafuta mtu anayejua cherehani. Dada kwa cherehani humwambii kitu. Sare za kwaya pale kwao zote zilipita mikononi mwake. Akaenda. Mazoezi yalikuwa Jumanne na Alhamisi, saa moja na nusu usiku mpaka saa tatu na nusu. Mwaka huo walikuwa wanatengeneza Jack na shina la mharage.

Hapo nyumbani ikawa kasheshe. Shemeji aliona mkewe anarudi usiku anaimbaimba, uso umechangamka, na yeye ndiyo kwanza anafunga kamba za viatu aende ghalani. "Mke wa mtu, mama wa watoto wawili, unakwenda kuchezacheza na watu usiku?" Akanuna. Wiki mbili hata karatasi za kwenye friji zikakatika.

Alhamisi moja ya Oktoba akaamka mapema, akavaa koti, akamfuata. Nadhani mnajua kilichokuwa kichwani mwake. Wivu hauulizi kama umelala vya kutosha.

Akafungua mlango wa ukumbi. Mkewe alikuwa amepiga magoti sakafuni, midomo imejaa pini, anapandisha pindo la gauni la maua. Ndani ya gauni alikuwamo mzee wa miaka sitini na kitu, dereva wa basi mstaafu, kitambi mbele, wigi la njano kichwani, na kifua cha sponji ambacho upande mmoja ulikuwa unateleza kuelekea tumboni. Mzee akamtazama shemeji, akasema bila kucheka: "Bila shaka wewe ndiye mume. Afadhali umekuja. Nishikie titi hili, mkeo ana mikono miwili tu."

Shemeji akashika. Angefanyaje?

Alikaa mpaka mwisho wa mazoezi, kimya, kwenye kiti cha nyuma. Tatizo kubwa la usiku ule lilikuwa shina la mharage. Lilitakiwa liote mbele ya macho ya watu, kutoka sakafuni mpaka darini, na kila wakilivuta kwa kamba linakwama au linapinda kama mlevi. Fundi bomba wao na mwalimu wa shule ya msingi walikuwa wanabishana. Shemeji akavumilia, akavumilia, mwishowe uvumilivu ukamshinda. Akaomba kalamu. Akawachorea kapi mbili, akapiga hesabu ya uzito wa kulingana na shina upande wa pili wa kamba, akawaonyesha wapi pa kufunga. Wiki iliyofuata likapanda laini kama moshi.

Mwongozaji, mama mmoja mfupi anayefanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno, akamuuliza nyumbani kwao alikuwa anafanya kazi gani. Akasema. Tangu siku hiyo ukumbi mzima ukamwita "Mwalimu". Walilitamka vibaya, dada anasema, lakini walilitamka. Kwa mara ya kwanza tangu 2014, mtu asiyekuwa mkewe alimwita jina la kazi yake.

NG'OMBE MMOJA, WATU WAWILI

Kwenye hadithi hiyo, Jack na mama yake mjane wana ng'ombe mmoja tu. Njaa inawabana, mama anamtuma kijana akauze ng'ombe sokoni, naye anarudi na mbegu za maharage. Ng'ombe wa panto ni watu wawili ndani ya ngozi moja: wa mbele amesimama, ana kichwa na kamba ya kupepesa kope. Wa nyuma ameinama, kamshika kiunoni wa mbele, haoni kitu.

Ng'ombe wa kikundi walikuwa mtu na mkewe, na Novemba mume akaumwa mgongo. Ngozi ikabaki tupu. Wakamwomba dada acheze mbele, kwa kuwa ndiye aliyeishona na anaijua kwa ndani. Dada akasema sawa, kwa sharti moja. Mtu wa kumshika kiunoni awe wa kwake.

Shemeji alikataa. Kamba na kapi sawa, lakini makalio ya ng'ombe? Mtu mzima? Wanafunzi wake wa zamani wakisikia je? Dada akamwambia: "Mbona Joti wa Ze Comedy akijifunga khanga unacheka mpaka machozi?" "Yule ni kazi yake," akajibu.

Aliyemlegeza ni yule dereva wa basi. Walikuwa wanafunga viti, mzee akamsimulia habari za Windsor. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, binti wa mfalme, Elizabeth, ambaye baadaye alikuwa Malkia, alikuwa anacheza panto na mdogo wake Margaret kwenye kasri la Windsor, pamoja na watoto wa shule ya jirani. Kila Krismasi kuanzia 1941 mpaka 1944, kukusanya fedha za sufi ya kuwafumia askari nguo. Elizabeth alikuwa anacheza sehemu za kiume. Desemba 1943, akiwa na miaka 17, alikuwa Aladdin, na kati ya watazamaji alikaa afisa kijana wa jeshi la majini aitwaye Philip. Walifunga ndoa Novemba 1947, na ni kifo cha Philip mwaka 2021 ndicho kilichowatenganisha. "Sasa Mwalimu," mzee akamaliza, "kama yeye alivaa suruali ya Aladdin mbele ya mchumba, wewe mkia utakushinda?"

Sijui kama ni Malkia au ni mkewe aliyekuwa anamtazama kwa jicho la kusihi. Akaingia.

Sasa mwenzangu, sikia hapa. Ndani ya ng'ombe ni giza na joto, na mtu wa nyuma akikosea hatua wote wanaanguka. Inabidi wahesabu: kushoto, kulia, kushoto, simama. Inabidi mmoja aongoze na mwingine aamini. Na inabidi waongee. Dada anasema kwenye wiki sita za ng'ombe waliongea kuliko miaka miwili iliyotangulia.

Usiku mmoja wa Desemba walikuwa wamesimama pembeni ya jukwaa, wamo ndani tayari, wanasubiri zamu yao. Shemeji akasema kutoka gizani, mikono iko kiunoni mwake: "Mama, ghalani wanapunguza watu. Tangu Septemba najua. Naogopa."

Miezi mitatu alikuwa amelibeba peke yake. Wiki zile mbili za kununa, dada alidhani ni wivu mtupu, kumbe nusu yake ilikuwa hofu. Alitaka kugeuka, lakini ng'ombe hageuki. Akamshika mkono palepale kiunoni. Halafu muziki ukapigwa na ikabidi watoke wakacheze ngoma.

Dada akaniambia: "Angekuwa ananitazama usoni asingesema. Mwanaume yule? Asingesema."

Nimelifikiria sana jambo hilo. Tunawaambia waume zetu "ongea na mimi", tunawaketisha kwenye kochi, tunazima TV, tunawakodolea macho kama polisi, halafu tunashangaa wamekuwa mabubu. Kuna watu ambao neno zito hutoka mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa pengine. Wengine huongea wakiendesha gari, wengine wakipalilia. Huyu aliongelea ndani ya ng'ombe.

USIKU WA ONYESHO

Nilikuwepo Ijumaa ya mwisho wa Januari. Ukumbi wa mtaa, viti vya plastiki, meza ya bahati nasibu yenye chupa za mvinyo na boksi za chokoleti, joto la watu limeweka ukungu madirishani. Nilikaa mstari wa tatu na watoto. Binti alikuwa hatulii kitini. Kijana alivaa kofia ya sweta mpaka kwenye nyusi. Alikuja kwa sababu alilazimishwa, na rafiki zake wawili wa shule walikuwa mstari wa nyuma na wazazi wao. Alishaniambia mapema, kwa Kiingereza, kwamba mtu akimuuliza, hao hawajui.

Ng'ombe akaingia. Ukumbi ukashangilia. Kope zikapepesa, mkia ukazunguka, na kweli walikuwa wazuri, hatua zao zimeoana. Wakaanza ngoma na bi mkubwa. Katikati ya ngoma dereva wa basi akakanyaga gauni lake akayumba, ng'ombe akabidi akwepe, na hapo mahesabu yakavurugika. Mbele ikaenda kushoto, nyuma ikaenda kulia. Ngozi ikavutika. Na kutoka tumboni mwa ng'ombe, ukumbi wote ukasikia:

"Kushoto, baba watoto! Nimesema kushoto!"

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Mungu wangu, tuna kushoto ngapi humu ndani?"

Watu 150 walisikia ng'ombe anagombana na makalio yake kwa lugha wasiyoijua. Waliodhani ni sehemu ya mchezo walicheka. Lakini walioelewa kila neno tulikuwa watatu tu, na mmoja wetu alikuwa na kofia mpaka kwenye nyusi. Nilisikia sauti kama mtu anapaliwa na maji. Nikageuka. Kijana alikuwa anacheka. Hakuwa anatabasamu, alikuwa anacheka mpaka mabega yanaruka. Na nyuma ya ng'ombe ilikuwa inakaribia ukingo wa jukwaa, haioni, hatua moja zaidi na shemeji anaangukia wapiga muziki.

Kijana akasimama. Kofia ikadondoka. "Kulia, baba!" akapiga kelele, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Rudi kulia! Kulia!"

Ng'ombe akasimama, akarudi kulia. Bi mkubwa, ambaye miaka yote ya basi ilimfundisha kujibu abiria, akageukia watazamaji: "Nilimnunua kwa bei nafuu. Sikuambiwa anatoka ng'ambo." Ukumbi ukapasuka.

Mwisho wa mchezo wahusika hushuka mmoja mmoja kuinama. Ng'ombe wakatoka kwenye ngozi, jasho linawatiririka, wameshikana mikono. Shemeji shati limemganda, mkunjo wa pasi hata wa kusingizia hakuna. Mmoja wa wale rafiki wa mstari wa nyuma akaja kumuuliza kijana kitu. Nikatega sikio, samahani, ndiyo kazi yangu. Kijana akamjibu: "Ndiyo. Ule mkia ni baba yangu. Na shina la mharage yeye ndiye alilipigia hesabu."

ISIWE HADITHI YA MALAIKA

Sitaki niwauzie mbuzi kwenye gunia. Shemeji hakupunguzwa kazini lakini alipunguziwa masaa, na mwaka ule fedha ilibana. Kijana bado ni wa miaka yake, simu bado inakula naye chakula. Zamu mbili bado ni zamu mbili. Panto haikulipa bili hata moja.

Ila siku moja kabla ya kuondoka kwangu nilimkuta shemeji jikoni anakunywa chai. Nikamuuliza kama haoni aibu. Akafikiri kama mwalimu anavyofikiri. Akaniambia kwamba ili yeye asome chuo, mama yake aliuza ng'ombe wawili. Anakumbuka walivyotolewa zizini, na mama yake alivyogeuka asiwatazame. "Ile sehemu Jack anampeleka ng'ombe sokoni, shemeji, kila usiku nilikuwa nalia mle ndani. Hakuna aliyejua." Akanywa chai. "Watoto wangu hawakuwa wanajua habari ya wale ng'ombe. Jana usiku nimewasimulia."

Tunadhani heshima ya baba ni kioo, ikidondoka mara moja imevunjika. Nilichokiona kwenye ukumbi ule ni kwamba watoto hawakumdharau baba yao kwa kuwa mkia wa ng'ombe. Walichokuwa wamekosa ni mlango wa kumfikia, na mlango ulikuwa mahali alipokubali kuchekwa.

MKITAKA KUJARIBU NYUMBANI

Huhitaji ukumbi wala tiketi. Sikukuu ijayo, ndugu wakishakusanyika na pilau imeshuka, jaribuni hivi:

1. Chagueni hadithi ambayo kila mtu anajua mwisho wake. Sungura na fisi, Abunuwasi, yoyote. Kama mwisho unajulikana, hakuna wa kuogopa kukosea.

2. Badilishaneni nafasi. Baba awe mtoto mtundu, mtoto awe baba. Utajifunza unavyosikika ukiwa umekasirika, na nakuonya, unaweza usipende.

3. Kila mtu apewe kazi. Bibi aongoze mwitikio, dada wa kazi naye acheze, asiachwe jikoni anachungulia. Watazamaji wazomee na kujibu.

4. Chezeni kwa lugha ya nyumbani. Watoto wa shule za Kiingereza wanaona Kiswahili ni lugha ya kugombezwa. Wape nafasi ya kuchekea.

5. Mwenye aibu usimsukume jukwaani. Mpe pazia, mpe taa, mpe kamba. Shemeji alianzia kwenye kamba.

Na kwa wale mtakaoniandikia kuuliza yaliyoendelea: msimu uliofuata kikundi kilicheza Aladdin, ambayo haina ng'ombe. Shemeji alirudi kwenye kapi zake, dada kwenye cherehani. Kijana hakutaka kupanda jukwaani hata kwa dawa, lakini aliomba kazi ya taa. Anakaa juu gizani, na baba yake chini gizani, na kila badiliko la taa wanaitana kwa Kiswahili, ili wengine wasielewe.